Chai ya Uvuguvugu

Maandazi yangu yalikuwa magumu kama kokoto za reli, na chai yangu ilipoa kabla sijaimimina. Hata hivyo Bwana Shamte, mwenye hoteli ya stesheni pale mlimani, alitaka niondoke.

"Nenda kule juu ukawauzie nyani, Bi Mosi," alisema.

"Naondoka, Bwana. Ila kwa baridi hii, wape abiria chai inayochemka. Hii yangu ya uvuguvugu imeniaibisha."

Akachochea kuni.

Treni ilipofika, abiria walipuliza vikombe mpaka kengele ikalia, wakaviacha vimejaa. Kule juu kwenye mwinuko, treni ilisimama kukusanya mvuke, kama kawaida yake. Nilikuwa pale na birika langu, na wote walikuwa na kiu. Chai iliisha. Maandazi niliwatupia nyani, wakanirudishia.