Jiwe Kwenye Buti la Gari

Alikuwapo bwana mmoja aliyerithi gari la marehemu baba yake. Gari kuukuu, nyuma limekaa chini kama punda aliyezidishiwa magunia. Springi zimelala, breki za nyuma hazikamati, breki ya mkono imebaki pambo. Akisimama penye mwinuko, anaruka nje mbio na jiwe lake kubwa, analisukumia kwenye tairi. Mnayajua magari hayo. Wengine ndiyo mmekuja nayo leo.

Sasa, Jumapili moja, kwenye kilima cha kanisani, kabla jiwe halijafika chini, gari likarudi nyuma na mama yake yumo ndani. Likaenda kusimama kwenye mihogo ya watu. Mama hakuvunjika kitu. Alitoka na majani kichwani, akasema, "Humo sipandi tena. Miguu ninayo."

Akawa anakwenda kanisani kwa miguu mpaka magoti yakagoma. Ikawa ibada anaisikia kwa kengele tu, na kitenge chake kizuri kinaliwa na mende sandukuni.

Jambo hilo likamchoma mwanawe. Akalipeleka gari gereji. Fundi akafumua nyuma yote: springi mpya, shokapu mpya. Akavua ngoma za breki, akakuta viatu vya breki vilivyomo vimelika hadi chuma, akaweka vingine. Gari likainuka kiuno, ukilikanyagia breki linasimama palepale, na breki ya mkono nayo inashika.

Lakini njiani kurudi nyumbani, akigusa breki, nyuma kunagonga: gudu! Akiingia kishimo, gudu! Akageuza. Alipofika gereji akashuka, akaweka jiwe lake kwenye tairi kama kawaida, akaingia kwa hasira.

"Fundi, kuna kitu hukukaza."

"Mimi? Lete ufunguo, bosi."

Fundi akalipiga teke lile jiwe pembeni, akalizungusha gari mpaka sokoni na kurudi. "Limetulia kama maji mtungini. Labda halikupendi wewe."

Bwana akaokota jiwe lake, akaondoka. Hajaimaliza kona, gudu!

Hapo udadisi ukamshika kuliko hasira. Ni kitu gani hiki kinachomjua dereva? Akalala chini ya gari, akatikisa kila chuma. Akajaribu kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto, pengine kosa ni la mguu wa kulia. Mnacheka? Nyinyi mngetazama wapi?

Akafika nyumbani, gudu, gudu. Mama yuko barazani anapukuchua maharage.

"Limepona?"

"Limepona kabisa, mama. Jumapili tunakwenda wote."

Akasema hivyo huku anafungua buti, anatoa jiwe, analisukumia kwenye tairi. Mama akaacha maharage.

"Na hilo la nini?"

"La kuzuia gari."

"Si umesema breki zimepona?"

"Zimepona, mama."

"Basi litoe."

Bwana akalitazama jiwe. Akalitazama gari. Mkono haukwenda.

"Ona," mama akasema. "Wewe uliyezitengenezesha huziamini, unataka mimi ndiyo nizikalie?"

Bwana akaona haya. Akalibeba jiwe, akalitupa nyuma ya banda la kuku. Akapanda, akauzunguka uwanja, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama. Hakuna gudu. Alipogeuka kumtazama mama, baraza tupu. Ndani kunasikika sanduku linafunguliwa.

Sasa tuje kwetu sisi, maana gari la watu ni rahisi kulicheka.

Mungu ametufumua, ametutengeneza upya. Tumetubu, tumelia hapa mbele mpaka kamasi. Lakini buti je? Umesema umemsamehe mumeo. Akichelewa kidogo tu, gudu! Lile la mwaka ule linagonga. Umesema umemwachia Bwana shida yako. Ukitoka hapa unazunguka nyumba hadi nyumba kuisimulia, maana huna hakika kama ameishika. Gudu! Kisha tunarudi kwa Fundi kumlaumu: mbona bado nagonga, Bwana, hukunikaza?

Na tunashangaa watoto wetu hawataki kupanda nasi kuja ibadani. Watapandaje? Tunawaambia breki zipo, na jiwe wanaliona mikononi mwetu.

Fundi kamaliza kazi yake. Tukitoka, kila mmoja akafungue buti lake. La jirani liache, atafungua mwenyewe.