Nyuma ya Kichuguu

"Ati ni uvivu tu! Watoto wa shule za serikali wanasinzia kwa uvivu!" Ndivyo alivyoniambia Mwanaidi, mke wa mwanangu, mbele ya wageni. Nimechoka kumjibu. Nyinyi, wajukuu zangu, nitawasimulia. Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Haya. Zamani hizo wanyama walikuwa na shule yao, mwalimu wao Korongo. Adhuhuri Korongo anagonga chuma, ngo! ngo! ngo! Watoto wanakwenda kwao kula.

Kwa kina Paa hakuna kitu. Basi Paa mdogo anajificha nyuma ya kichuguu. Anakunywa maji, gu gu gu. Anachokonoa meno kwa kijiti, kama aliyeshiba nyama. Anarudi.

"Umekula nini, Paa?"

"Ubwabwa, mwalimu."

Mvua ikagoma. Siku moja Paa anamkuta Pimbi palepale, na kijiti chake. Akaja Ngiri. Akaja Nungunungu.

"Sogea bwana, miiba hiyo!"

"Sogea wewe, na tumbo lako!"

"Tumbo gani? Maji haya!"

Darasani Paa akasinzia. Korongo akafoka, "Mvivu wewe! Ukisinzia tena kesho, usirudi hapa." Paa akalia. Shule anaipenda.

Kesho yake chuma kikalia. Nyuma ya kichuguu pamejaa, pomoni! Paa akakosa pa kujificha, akasimama nje, juani. Mara, tap, tap, tap. Korongo huyo, ananyata, anageukageuka asionekane. Mdomoni ana kijiti. Na Korongo, jamani, hana hata jino moja!

Wakatazamana.

"Mwalimu," Paa akasema, "na wewe umekula nini?"

Korongo akakitema kijiti. "Sijala, mwanangu. Tangu jana."

Hakuna aliyecheka. Wakatoka wote, wakaketi njiani, mama zao wanapopita kutoka kisimani. Mama Paa akaona. Mama Ngiri akaona.

"Kumbe na wako?"

"Na wangu, dada. Nilikuwa naona haya."

Wakatua ndoo. Huyu akaleta konzi ya mtama, yule majani ya kunde. Chungu kimoja. Uji mwepesi, mwepesi. Lakini siku ile Paa hakusinzia, wala hakufukuzwa.

Basi mtoto akisinzia, muulize kwanza kama amekula. Na mwenye njaa asione haya kusema. Yangu yamekwisha, kinywa kimekauka. Mwanaidi yuko jikoni. Mimi hanisikilizi, wewe anakusikiliza. Nenda, mjukuu wangu, kamsimulie.