Macho Mekundu ya Kwezi

Hapo zamani, enzi ndege walipokuwa wakipigiana hodi na kualikana uji, waliishi kwezi wawili, Tunu na binamu yake Zuwena. Kwa mbali huwatofautishi: migongo ya buluu inang'aa, matumbo rangi ya chungwa. Lakini Tunu alikuwa na macho meupe na mshipi mweupe kifuani. Zuwena macho yake mekundu, na mshipi hana.

Sasa, kila Tunu akitaga, Nyani huyo! Anapanda mgunga, anafakamia mayai, anapangusa mdomo, anaondoka. Hata asante hasemi, mtu mzima yule!

"Wallahi mayai ya safari hii hayali!" Tunu akamwambia binamu yake kwa uchungu. "Dada, ingia kiotani ukae kimya."

Asubuhi, kwacha! kwacha! Matawi yakalia.

"Hodi, we Tunu! Kifungua kinywa changu kiko wapi?"

Tunu akatokeza mlangoni. "Karibu, mzee. Ila usinisogelee, macho yananiwasha tangu niyaguse haya mayai. Ngoja nikuletee." Akajitoma ndani, fyu!

Akatoka Zuwena.

"Haa!" Nyani akaruka nyuma. "Sasa hivi macho yako yalikuwa meupe!"

"Ndiyo hivyo, mzee. Yameshaiva."

"Na mshipi wako je?"

"Nimekonda ghafla, umenidondoka. Maradhi haya hayana huruma. Haya, nikupe yai lipi?"

Nyani akaficha mikono kwapani. "Aa, sitaki! Mimi mzima, bwana."

"Mzima? Hebu geuka nikuone."

Nyani akageuka. Zuwena akapiga ukelele: "Yalaa! Kumbe kwako yameanzia nyuma! Kote kwekundu pyu!"

Jamani, Nyani hajapata kujiona nyuma tangu azaliwe. Akajipapasa, akahisi joto.

"Mama wee, nakufa!"

Puu! Akaanguka chini, akatimua mbio hadi mtoni, akakaa majini kutwa nzima akijisugua. Wapi! Wekundu hautoki.

Kiotani binamu wale walicheka mpaka wakashikana mbavu. Kisha Tunu akayalalia mayai yake, na baada ya siku chache makinda yakaanza kulia njaa, chwi! chwi! chwi!

Haya, wajukuu zangu, mmesikia: mwenye nguvu asiyejijua hukimbizwa hata na ndege.