Nani Amempakata Mtoto?

Paukwa!

Pakawa.

Sikusikia. Muhogo wangu mmeumaliza wote, halafu mnaniitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Mnataka ya kulala au ya kukesha?

Ya kukesha, bibi!

Basi sogeeni. Zuwena, toa kidole mdomoni, ushakuwa mkubwa wewe.

Hapo kale palikuwa na kijiji, na nyuma ya kijiji palikuwa na msitu, na ndani ya msitu lilikaa zimwi. Jicho moja, meno mengi, njaa haiishi. Lakini zimwi hilo lilikuwa na miiko miwili. Jua lisilikute nje ya msitu, na nyumba ya mtu haliingii mpaka liitwe. Yashikeni hayo, nitawauliza.

Kijijini hapo aliishi mwanamke kijana, jina lake Mashavu, mke wa Makame mlima mihogo. Mashavu akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wakamwita Kombo.

Basi akaja mama yake Mashavu, wakaja mama zake wadogo, nyumba ikajaa. Huyu anamkanda mzazi kwa maji ya moto, yule anakoroga uji wa pilipili manga, mwingine kampakata mtoto. Mashavu kazi yake kunyonyesha na kulala. Ndiyo desturi. Ila desturi hiyo mwisho wake arubaini. Arubaini ilipofika mtoto akanyolewa, watu wakala wali, na jioni kila mmoja akajifunga kanga yake akaenda kwao.

Usiku ule ule Kombo akaanza kulia.

Jamani, mtoto akalia! Mashavu akamgusa kipaji, hana homa. Akampa ziwa, akalitema. Akamweka begani, akatembea naye chumba kizima, akaimba mpaka nyimbo zikamwisha. Mtoto analia tu, uso umemwiva, miguu kaikunja.

Makame akainuka, akakunja mkeka wake. "Mke wangu, mimi kesho nina shamba." Akaenda kulala barazani.

Mnacheka? Ngojeni.

Mashavu akabaki peke yake na mtoto wake. Akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza. Zimwi litakusikia." Kule msituni zimwi lilikuwa limelala. Likainua sikio moja.

Asubuhi Mashavu akaenda kisimani. Wanawake wakamuuliza, "Mzazi, hujambo? Mtoto kalala?"

"Kalala."

"Hakusumbui?"

"Hanisumbui hata kidogo."

Uongo mtupu! Lakini mtamlaumu? Kijiji kile mtoto akilia usiku walisema maziwa ya mama yake hayafai. Walisema hajui kulea. Mashavu akaona haya, akajitwika ndoo yake akarudi nyumbani na haya zake.

Usiku wa pili Kombo akalia kuliko jana. Mashavu macho yanamwasha, mgongo unamuuma. Akasema, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza. Zimwi litakuja." Kule msituni zimwi likakaa kitako.

Asubuhi, kisimani.

"Mzazi, mtoto kalala?"

"Kalala."

"Hakusumbui?"

"Hanisumbui hata kidogo."

Usiku wa tatu, ndio huo sasa. Kombo akalia mpaka Mashavu akakaa sakafuni, naye akalia. Na hapa mnisikilize vizuri. Alimpenda mtoto wake, alimpenda mpaka kifua kinamuuma. Lakini mtu aliyekesha siku zote hizo maneno humtoka tu, hayapiti kichwani. Yakamtoka. Akapiga kelele, "Zimwi! Njoo umchukue!"

Kule msituni zimwi likasimama.

Likatoka msituni, likapita kwenye mihogo, likafika nyumbani kwa Makame. Barazani Makame anakoroma. Likamruka. Likapiga hodi.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Mashavu.

"Uliyemwita."

Mlango ukafunguka wenyewe. Mashavu akamkumbatia mtoto wake kwa mikono miwili.

"Sikukuita! Nilichoka tu. Wallahi nilichoka!"

"Umeniita na nimekuja. Sirudi mikono mitupu," likasema zimwi. "Ila bahati yako uko macho. Mtoto aliyepakatwa na mtu aliye macho mimi siwezi kumchukua. Nitakaa hapa mlangoni. Mikono yako ikilegea kwa usingizi, huyo ni wangu. Leo usipolala, nitakuja kesho. Kesho usipolala, nitakuja kesho kutwa. Utalala tu, mama. Utalala tu."

Likakaa mlangoni, kidevu juu ya magoti, jicho kodo.

Mashavu akajifinya, akajiuma ulimi, akatembea na Kombo anayelia mpaka jogoo wa kwanza alipowika. Zimwi likainuka likakimbilia msituni kabla ya jua. Lakini nalo halikulala, maana kilio cha Kombo kilikuwa kimeliingia masikioni na hakitoki. Likajigeuza huku, likajigeuza kule, mpaka magharibi.

Basi asubuhi Mashavu akaenda kisimani, mtoto mgongoni, hata njia haioni. Palikuwa na Bi Mize, jirani yake, mwanamke mwenye mdomo, hana dogo. Na palikuwa na mkwe wake, Bi Rehani, mama yake Makame.

"Mzazi, mtoto kalala?" akauliza Bi Mize.

"Kalala."

"Hakusumbui?"

"Hanisumbui hata..." Neno halikwisha. Usingizi ukamchukua pale pale amesimama, kamba ya ndoo ikamponyoka, akapepesuka kuelekea kisimani na mtoto mgongoni. Bi Mize akamdaka kwa kanga.

"We Mashavu! Unataka kutuulia mtoto?"

Hapo Mashavu akaangua kilio. "Halali! Halali yeye na silali mimi! Analia usiku kucha, nimeimba, nimebeba, nimechoka, sijui nifanye nini. Jana nimeliita zimwi lije limchukue, nalo limekuja! Usiku linakaa mlangoni kwangu linangoja nilale, maana linasema mtoto aliyepakatwa na mtu aliye macho haliwezi kumchukua. Na leo nitalala, najijua. Leo nitalala na mwanangu ataliwa!"

Ndoo iliyozama inabwabwaja maji kule chini.

Mashavu akangoja wamseme. Bi Mize akatua ndoo yake. Akasema taratibu, si kwa sauti yake ya kila siku, "Wangu wa kwanza alilia hivyo hivyo. Nilikuwa nikimpeleka bandani kwa mbuzi ili msimsikie."

Mashavu akamtazama. "Wewe, Bi Mize? Si ulisema wako wote walilala?"

"Nilisema. Ningesemaje?"

Bi Rehani naye akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyo Makame wako, mkwe wangu, alinikeshesha mpaka akaota meno. Nikija hapa kisimani nasema kalala. Nasema hanisumbui hata kidogo."

Kumbe! Wanawake wakatazamana. Kisima kizima waongo! Wote walikesha, kila mmoja na wake, kila mmoja peke yake.

"Haya," akasema Bi Mize, mdomo wake umerudi. "Zimwi limesema halimchukui mtoto kwa mtu aliye macho. Limesema lazima awe mama yake?"

"Halikusema," akajibu Mashavu.

"Basi tutaonana nalo."

Magharibi Bi Mize akaja na mkeka. Bi Rehani akaja na birika la chai ya tangawizi. Akapita barazani, akamshika mwanawe sikio.

"Mama, kesho nina shamba!"

"Na mimi nilikuwa na shamba, nikakubeba wewe. Ingia ndani!"

Kombo akaanza kulia. Bi Mize akanyoosha mikono. "Mlete. Nawe Mashavu, kalale."

"Siwezi, Bi Mize. Nikifumba macho naliona zimwi."

"Sikukwambia ulione. Nimekwambia ulale."

Mashavu akajilaza. Hata shuka hakuwahi kujifunika.

Usiku ukaingia. Zimwi hilo, mlangoni. "Hodi! Nani amempakata mtoto?"

"Mimi, Mize, jirani yake. Niko macho!"

Zimwi likakaa likangoja. Kombo akalia, Bi Mize akatembea naye. Bi Mize alipochoka, akampokeza Bi Rehani, akajinyoosha mkekani.

Usiku wa manane. "Hodi! Nani amempakata mtoto?"

"Mimi, Rehani, bibi yake. Niko macho!"

Zimwi likapiga mwayo. Mwayo huo ulipeperusha makuti ya paa. Tangu usiku wa kwanza halijapata usingizi, na huyo mtoto bado analia, na halina hata wa kumwambia jamani, nipokee kidogo. Kombo akalia, Bi Rehani akatembea naye. Alipochoka, akampokeza Makame.

Makame alimbeba mwanawe kama mtu aliyepewa kikapu cha mayai. Mtoto akamtapikia begani. Hakumtua.

Alfajiri inakaribia. Sauti ya zimwi imekuwa nzito. "Ho... di. Nani... amempakata mtoto?"

"Mimi, Makame, baba yake. Niko macho!"

"Na mama yake?"

Makame akamtazama mkewe, mkono umening'inia kitandani, mdomo wazi.

"Kalala," akasema Makame.

Zimwi likataka kujibu. Kichwa kikaegemea mwimo wa mlango, jicho likafumba, likakoroma. Jogoo wa kwanza akawika, halikusikia. Wa pili akawika, halikusikia. Jua likachomoza.

Nani anaukumbuka ule mwiko? Ee, Zuwena, umesema kweli. Jua lililikuta nje ya msitu, zimwi likageuka kichuguu pale pale mlangoni. Makame alikuja kukivunja kwa jembe lake, akafukia mashimo ya njia.

Mnauliza Kombo alinyamaza? Thubutu! Alilia na usiku uliofuata, na mwingine, na mwingine. Kisha siku moja akaacha mwenyewe, hakuna ajuaye kwa nini, akawa mtoto wa kucheka. Lakini tangu hapo kisimani hawakuulizana tena kama mtoto kalala. Mwenye mtoto mchanga akifika, wanamuuliza, "Leo usiku zamu ya nani?"

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye mlango wa Mashavu, ambao siku hizi mtu huingia bila hodi. Mtoto anayelia usiku si kosa la mama yake. Mzazi akikwambia kalala, mtazame macho. Kisha nyoosha mikono, umpokee mtoto, naye mzazi akalale.