Kapu la Kwale na Mgongo wa Kanga

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, tumeshakaa!

Nije na kapu au nije mikono mitupu?

Njoo na kapu, tugawane!

Basi hapo zamani, zamani za kale sana, Kanga hakuwa na madoa. Mnanisikia, wanangu? Hakuwa na hata doa moja. Alikuwa mweusi mwili mzima, anang'aa kama mbegu ya tikiti. Kila asubuhi akienda kisimani alijitazama majini, akageuka upande huu, akageuka upande ule, akasema, "Kwa kweli mimi ni mzuri."

Lakini uzuri ule haukumtosha. Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka na hakukipata. Kitu hicho kilikuwa wimbo.

Sikilizeni wimbo wenyewe ulivyotokea. Moto ulipita nyikani, ukaunguza majani na viota. Ndege wengi walikufa, wakaacha vifaranga. Bibi Kobe alijikunyata ndani ya gamba lake, moto ukampita. Ulipopoa akatoka, akawaokota wale vifaranga mmoja mmoja, akawapeleka nyumbani kwake mlimani. Alipowahesabu walikuwa kumi na tisa.

Bibi Kobe hakuwa na shamba. Basi wanyama wa bondeni wakakubaliana wamchangie. Kila Ijumaa kapu lilipita nyumba kwa nyumba. Juu ya kapu waliweka kawa, kama lile la kufunikia chakula. Anayetoa aliingiza mkono chini ya kawa, akaweka alichonacho, akautoa. Hakuna aliyeona nani katoa kingi, nani katoa kidogo.

Mbebaji wa kapu alikuwa Kwale, maana siku ile ya kukubaliana wenzake wote walisema wana kazi.

Na kila Ijumaa, Kwale alipoanza kupanda mlima, vifaranga walimwona kwa mbali wakaimba:

Kwale kaja, Kwale kaja,
Kapu letu limekuja,
Kwale kaja!

Wimbo ule ulishuka mlimani, ukaenea bonde zima, ukafika mlangoni kwa Kanga. Kanga aliusikia huku anamchana manyoya binti yake, Tunu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Tunu.

"Mama, wimbo mzuri," Tunu akasema.

"Mzuri wapi?" Kanga akajibu. "Nyamaza, nikuchane."

Lakini moyoni wivu ulimkwaruza. Akasema peke yake, "Kwale! Kwale mwenye rangi ya vumbi! Kwale ambaye akilala shambani huwezi kumtofautisha na donge la udongo! Ndiye anayeimbwa bonde zima, na mimi nimekaa hapa na uzuri wangu?"

Hakula chakula cha jioni siku hiyo.

Kesho yake akaenda kwa Pimbi, jirani yake, akajifanya anaomba moto.

"Shoga," akasema, "hivi lile kapu likifika mlimani, linakuwa vilevile lilivyotoka hapa?"

"Una maana gani?" Pimbi akauliza.

"Mimi sina maana yoyote. Naona tu Kwale siku hizi kanenepa."

Pimbi hakulala na neno hilo. Akamwambia Ngiri. Ngiri akamwambia Nungunungu. Ijumaa ilipofika, mikono mingi iliingia chini ya kawa ikatoka bila kuacha kitu. Kapu lilipanda mlima likiwa nusu, na vifaranga wakala nusu.

Kwale akasikia yanayosemwa. Hakugombana na mtu. Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa Nungunungu, akasema, "Kaka, leo nisindikize. Tembea nyuma yangu mpaka mlimani, usitoe jicho lako kwenye kapu."

Nungunungu akatembea nyuma yake hatua kwa hatua, akaona kwa macho yake. Aliporudi akawaambia wote, "Jamani, Kwale hali hata punje. Na njiani alikuwa na njaa, tumbo lake nililisikia likinguruma."

Watu wakaona haya. Wakatoa mara mbili. Na vifaranga wakaimba mara mbili:

Kwale kaja, Kwale kaja,
Kapu letu limekuja,
Kwale kaja!

Kanga akaziba masikio.

"Sawa," akasema. "Kama ni kapu, hata mimi naweza kubeba kapu."

Akasuka la kwake. Alisuka kapu pana, la ukili wa rangi, nyekundu na zambarau, lakini kawa hakuweka. Akalitua katikati ya bonde, akaita, "Njooni mchangie yatima! Kwangu hakuna kufichaficha! Kila anayetoa namtaja jina, tunampigia vigelegele!"

Ngiri akaja na boga kubwa. Kanga akapaza sauti, "Ngiri katoa boga! Mwoneni Ngiri! Mwanamume huyo!" Vigelegele vikapigwa. Nungunungu naye hakutaka kuachwa nyuma, akaleta boga kubwa zaidi. Swala akaleta boga kubwa kupita yote, akalizungusha mara tatu mbele za watu kabla hajaliweka.

Panya alikuwa amesimama pembeni. Alikuja na punje saba za mtama, ndizo alizokuwa nazo. Akayatazama maboga, akazitazama punje zake, akazitia shavuni na kurudi nyumbani. Na Panya hakuwa peke yake. Wadogo wengi walirudi hivyo hivyo, mashavu yamejaa, macho chini.

Kanga akabeba kapu lake, akapanda mlima akihema. Alitembea polepole makusudi, apate kuimbwa vizuri. Vifaranga wakamtazama, wakanyamaza.

Bibi Kobe akatoka. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie. Lakini hawa wana midomo midogo. Boga gumu kama hili watalidonoaje?"

Vifaranga wakadonoa ganda la boga, ko ko ko, wakaacha. Muda si muda Kwale akatokea chini na kapu lake la zamani. Ndani yake mlikuwa na unga kidogo, ulezi kidogo, na punje saba za mtama. Vifaranga wakaruka juu wakaimba.

Kanga akateremka mlima kwa njia ya nyuma. Alikuwa analia, lakini hakuwa analia kwa huruma. Alikuwa analia kwa wivu, na machozi ya wivu, wanangu, yanachoma kuliko moshi wa kuni mbichi.

"Kapu lake lile lile kuukuu!" akasema. "Nitalikomesha."

Ijumaa iliyofuata mvua ya manyunyu ilianza asubuhi. Kanga akamwambia Tunu, "Kaa hapa, usitoke. Narudi sasa hivi."

"Mama, nina njaa."

"Nikirudi nitapika."

Akatoka, akamfuata Kwale kwa kujificha. Aliona Kwale anaingia nyumba hii, anatoka, anaingia nyumba ile, na kila nyumba kapu linazidi kujaa. Siku hiyo lilijaa kuliko siku zote, chini unga, juu mtama. Mwisho Kwale akafika kwa Nungunungu, ambaye alikuwa na homa. Akalitua kapu juu ya kichanja cha kuanikia vyombo, akaingia ndani kumjulia hali.

Kanga akaingia chini ya kichanja. Akanyoosha shingo, akadonoa kitako cha kapu. Akadonoa mara ya kwanza, ukili ukalegea. Akadonoa mara ya pili, ukakatika. Akadonoa mara ya tatu, tundu likatoka, dogo, la kupita punje mojamoja. Unga ukaanza kuchuruzika. Kanga akacheka kimya kimya, akakimbia.

Sasa kumbukeni, manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu asubuhi. Mgongo wa Kanga ulikuwa umejaa matone ya maji. Unga ulipochuruzika, ulimwangukia, ukanasa kwenye kila tone. Yeye hakujua. Nani anajiona mgongo?

Kwale akatoka, akajitwika kapu, akashika njia. Punje zikamwagika nyuma yake, moja hapa, moja pale.

Kanga akarudi nyumbani anatembea kwa madaha. "Leo tusikie wataimba nini!" akasema. "Tunu! Tunu wangu, njoo!"

Kimya.

Akatazama mvunguni, Tunu hayupo. Akatazama nyuma ya nyumba, hayupo. Sufuria iko vile vile, tupu, na nje kuna nyayo ndogo kwenye matope.

Akakimbia kwa Pimbi. "Shoga, umemwona Tunu?"

"Sijamwona," Pimbi akasema, kisha akamtazama mgongoni. "Kwani ulikuwa unatwanga?"

"Kutwanga nini na mwanangu kapotea!"

Akakimbia kwa Ngiri. Ngiri hakumwona. Akakimbia kwa Nungunungu. Mke wa Nungunungu akamjibu mlangoni, "Mimi sijamwona. Lakini jaribu mlimani, mwenzangu. Mtoto akikutwa njiani hana mama, hupelekwa kule."

Neno lile lilimchoma Kanga. Akapanda mlima mbio, hakutembea polepole safari hii.

Alipofika hakusikia wimbo. Kwale alikuwa amekaa chini na kapu lililo wazi kitako, analia. Vifaranga wamejipanga mstari, midomo wazi. Mwisho kabisa wa mstari, mtoto wa ishirini, amelowa, anatetemeka, macho yamefumba nusu, alikuwa Tunu.

"Mwanangu!" Kanga akamkumbatia.

"Nilimkuta dimbwini," Bibi Kobe akasema. "Alikuwa anakutafuta. Ana baridi sana. Na kifaranga mwenye baridi akilala na njaa, haamki."

"Basi nipeni chakula! Nipeni upesi nimlishe!"

"Chakula kipi? Majirani wametoa chote walichokuwa nacho leo, na chote kimemwagika njiani. Kapu limetobolewa. Sijui nani mwenye moyo huo."

"Labda panya," Kanga akasema haraka. "Panya ndio watoboaji."

Tunu akafumbua macho kidogo. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mbona mgongo wako umejaa unga?"

 Bibi Kobe akautazama mgongo wa Kanga. Kwale akautazama. Vifaranga wote kumi na tisa wakautazama. Matone meupe, mamia, yametapakaa toka shingoni mpaka mkiani.

"Ulikuwa unataka nini, dada Kanga?" Kwale akauliza.

Kanga akainama. "Nilitaka waniimbe mimi."

Kwale akafuta machozi. "Wimbo ule? Mimi nikiusikia huwa naongeza mwendo, dada. Watoto hawa wanaimba ili wasahau njaa mpaka nifike."

 Kanga akamlaza Tunu, akashuka njiani. Akaanza kuokota punje ndani ya matope, moja moja, kwa mdomo. Alipopata za kushibisha kifaranga mmoja akarudi mbio kwa Tunu.

Bibi Kobe akamzuia. "Hapa tunakula kwa mstari. Aliyekuja mwisho hula mwisho."

"Bibi, nakuomba! Mwanangu ni mgonjwa!"

"Kila mmoja hapa alikuja mgonjwa, na kila mmoja alingoja. Leo nikiuvunja mstari kwa sababu ya mwenye mama, kesho wasio na mama watakula lini?"

Kanga akamtazama Tunu. Akautazama mstari. Kumi na tisa mbele ya mwanawe. Akampa punje zile wa kwanza, akashuka tena.

Akamlisha wa pili, akamlisha wa tatu, akamlisha wa nne. Miguu ikamuuma, mdomo ukachubuka. Akaona peke yake hataweza. Akapaza sauti, ile aliyozoea kujisifia nayo, akaita bonde zima, "Njooni! Nimekosa! Njooni! Nimekosa! Punje ziko huku!"

Wa kwanza kuja alikuwa Kwale. Aliinama kando yake akaokota. Kisha akaja Pimbi. Akaja Ngiri. Akaja Panya, akaingia mpaka kwenye nyufa ambako midomo ya wengine haifiki. Wakaokota pamoja, mstari mmoja, vichwa chini, wakafuata njia mpaka juu.

Wa kumi akala. Wa kumi na tano akala. Wa kumi na tisa akala. Jua lilikuwa linakaribia kuzama Kanga alipofika mwisho wa mstari. Akamfumbua Tunu mdomo, akamtia punje moja. Tunu hakumeza. Akamtia ya pili. Tunu hakumeza. Akamtia ya tatu, koo likacheza, gu, punje ikapita. Tunu akafumbua macho.

"Mama," akasema, "nyingine."

Na vifaranga, kwa kuwa sasa wameshiba, wakaimba:

Kanga kaja, Kanga kaja,
Punje zetu zimekuja,
Kanga kaja!

Wimbo ukashuka, ukaenea bonde zima. Kanga akalisikia jina lake. Akainamisha kichwa, akarudi njiani kuokota, maana palikuwa bado na punje na kesho watoto watakula tena.

Unga ule hakuweza kuutoa. Alioga kisimani mara ya kwanza, ukabaki. Akaoga mara ya pili, ukabaki. Akaoga mara ya tatu, akauzoea. Ndiyo maana mpaka leo kanga ana madoa meupe, hatembei peke yake, anakwenda na wenzake kichwa chini, na akiona punje anapiga kelele kuwaita wengine.

Basi wanangu, mafunzo ni haya. Ukimsaidia mwenye shida, msaidie kwa ajili yake, usimsaidie upate kuimbwa. Na mwenzako akifanya jema, usimwonee wivu ukalitoboa kapu lake, kwani hujui ni mtoto wa nani atakayelala na njaa. Anaweza kuwa wako.

Mimi kapu langu nimelimwaga lote hapa. Mwenye kuokota aokote, na atakayeshiba ambakishie mwenzake.