Usimlaani Buu Hujaona Alacho

Usimlaani buu hujaona alacho. Mmenisikia asubuhi nikimwambia hivyo shangazi yenu alipokuwa akimsema jirani, mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, malizeni kucheka. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini kwetu Pemba, zamani, aliishi mwanamke aitwaye Kazija, msokota kamba. Alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, akayazuia kwa mawe na vijiti vya mkoko, na yakishalainika akayafukua na kuyaponda apate nyuzi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe, kwani mume wao alikuwa safarini Bara. Nasema "mume wao" kwa kuwa Kazija alikuwa na mke mwenziwe, Raya, na wawili hao hawakupikika chungu kimoja.

Siku moja kijiti kikamchoma Kazija unyayoni. Akafunga kitambaa, akarudi topeni. Jeraha likaanza kunuka, naye badala ya kuliosha akalifukiza udi! Aliona aibu ya harufu kuliko alivyoogopa ugonjwa. Mguu ukavimba, homa ikamlaza.

Akaitwa Fundi Vuai, mtibu majeraha. Akasema nyama imekufa, na uozo ukipanda utamuua Kazija, kwa hiyo homa ikishuka atarudi kuukata mguu. Kazija akalia. Bila mguu, nani angemfukulia makumbi?

Aliporudi fundi, Raya ndiye aliyefungua kitambaa, ingawa hadi siku hiyo Kazija alikuwa hakubali amguse. Mabuu weupe walikuwa wakifurukuta jerahani.

"Umenitilia wewe!" Kazija akapiga ukelele. "Mabuu ni wa maiti! Hukuweza kungoja nife, Raya?"

Raya akainuka. Akachota maji ya chumvi ili awaue, akainama, mkono ukasita.

"Fundi, hebu tazama hapa. Mbona nyama nyekundu?"

Fundi Vuai akasogea. Mahali walipokwisha kula mabuu palikuwa pekundu na safi, na wasipofika pangali peusi. Akabonyeza pale pekundu kwa kidole.

"Uwii! Paniuma, baba!"

"Na paume, mwanangu, paume!" fundi akasema huku akicheka kwa furaha. "Nyama iliyokufa haiumi. Hawa wanakula kilichokufa, kilicho hai wanakiacha. Raya, mwaga maji hayo. Hakatwi mtu leo."

Lakini fundi hakuwa mjinga wa kusifu kila kitambaacho. Aliwaonya kwamba yupo buu mwingine, atokaye kwenye nguo zilizoanikwa chini, akaingia katika ngozi nzima na kuivimbisha kama jipu. Huyo hana wema wowote, hukamuliwa akatupwa. Na hawa nao, uozo ukiisha, waoshwe watoke.

Raya akamuuguza mwenziwe. Mabuu walipomaliza kazi akawaosha, na kidonda kikafunga taratibu, hata Kazija akarudi topeni kwa miguu yake miwili.

Huko ufukweni wanawake wakaanza kumnong'oneza. "Huyo mke mwenzio ana lake jambo. Atakutafuna polepole, jihadhari naye."

Kazija akaweka chini gongo la kupondea makumbi.

"Usimlaani buu hujaona alacho," akasema.

Raya, aliyekuwa nyuma yao, akashika kiuno. "Yaani buu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Umeula uozo wangu, ukaniachia mguu. Ahsante, mwenzangu. Na unisamehe."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega wasianguke topeni.

Baada ya hapo, mume wao aliporudi kutoka Bara, ndipo Kazija alipomzaa bibi yangu, na Raya ndiye aliyempokea mtoto. Kila nioshapo miguu nikitia udhu, namshukuru Mungu kwa wanawake wale, na kwa wadudu wale pia. Bila wao tusingekuwapo, mimi wala nyinyi. Usimlaani buu hujaona alacho.