Kabati la Mende wa Bukini

Hapo zamani, wala si zile zamani za fisi kusema na sungura kuposa, ni zamani za karibu tu, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kwamngazi, na katika mji huo palikuwa na mtu aliyefuga mende.

Nimesema mende. Msitazamane, mmesikia sawasawa.

Wengine pale Kwamngazi walifuga kuku, wengine njiwa, na mmoja alifuga kasuku akamfundisha matusi. Kibwana alifuga mende. Ujanani alikuwa mpishi katika meli ya mizigo, na siku moja meli ilipotia nanga Bukini, yaani Madagaska, akawaona mende wa kule kwenye magogo yaliyooza. Wakubwa kama kidole gumba cha mwanamume, rangi ya kahawa, hawana mabawa. Na ukiwagusa hawakimbii, wanasonya. Fsssss! Kama mama mkwe aliyeletewa chai ya baridi. Kibwana alicheka mpaka akakaa chini. Akachukua dume na jike, akawatia katika kopo la biskuti, akarudi nao kwao, na kufikia siku aliyoacha kazi ya meli mende wale walikuwa wamekuwa ukoo.

Aliwaweka katika kabati la kioo lililokuwa la kuuzia maandazi, akaliondolea mfuniko wapate hewa. Ndani alisimamisha trei za mayai ziwe vyumba vyao. Aliwapa maganda ya karoti, maganda ya ndizi, kipande cha boga, na kitambaa kibichi cha kunyonya maji. Na juu kabisa, kuzunguka ukingo kwa ndani, alipaka mafuta ya mgando. Mende wa Bukini hupanda kioo kama wewe unavyopanda ngazi, lakini akifika kwenye mafuta huteleza, akarudi chini kwa wenzake. Kila alfajiri Kibwana alisali, kisha akapaka mafuta. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa mlango, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ungemuuliza wana faida gani, angekuuliza kasuku anayetukana ana faida gani. Alipenda kuwatazama, basi. Madume yana pembe na yanasukumana kama mafahali. Wakijivua ngozi hutoka weupe pee, laini, kisha wakakolea rangi polepole. Na jike wao hatagi mayai akayaacha, huzaa watoto hai, nao hujikusanya chini ya tumbo la mama yao. Kibwana angeweza kukaa mbele ya kabati tangu alasiri mpaka magharibi, na chakula kikapoa.

Mkewe, Mwanatumu, hakuwapenda. Tena hakuficha.

"Baba Rehema," alikuwa akimwambia, "wenzako wanaua mende, wewe unawamenyea karoti."

"Mama Rehema, wale ni wa chooni. Hawa ni wageni."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wako wamekaa mpaka binti yetu ameolewa."

Basi wakaendelea hivyo, yeye na mende wake, mkewe na maneno yake, na nyumba haikuvunjika.

Ikaja masika moja mbaya. Mvua ilinyesha hadi ukuta ukatoa jasho, trei zikaota ukungu, mende wakaanza kufa. Kibwana alibadilisha trei, akaweka jiko la mkaa karibu, akafanya yote aliyoyajua. Mvua ilipokatika walikuwa wamebaki wawili tu katika ukoo mzima: dume aliyemwita Jemadari, na jike aliyemwita Bi Kirembwe, naye ana mimba. Na mwaka huohuo macho ya Kibwana, yaliyokuwa yanapungua kidogo kidogo, yakaharibika kabisa. Binti yake Rehema akaja kumchukua ampeleke hospitali ya mbali.

Kabla ya kuondoka alimwita mkewe.

"Mama Rehema, nakuomba uwalishe. Ganda la karoti, na kitambaa kiwe kibichi. Sikuombi uwapende."

"Nitawalisha," akasema Mwanatumu. "Na sitawapenda."

Alikuwa mwanamke wa neno lake. Kila asubuhi alijifunga kanga puani, akatia maganda, akalowesha kitambaa, akatoka nje kupumua. Kule hospitali Kibwana alilala na bandeji usoni, akihesabu hofu zake: je, atakumbuka maji? Je, mtoto wa jirani hatatia mkono? Hofu zote alizifikiria, isipokuwa ile iliyokuja.

Iliyokuja ilikuwa gari la matangazo. Likapita mtaani na kipaza sauti: nyumba zote zitapulizwa dawa ya wadudu, toeni vyakula nje, toeni mifugo nje. Mwanatumu akatoa unga, akatoa chumvi, akatoa kuku. Kabati hakulitoa. Akakaa nje kwenye mkeka chini ya dirisha, mkono shavuni, kimya.

Ng'ambo ya njia palikuwa na kinyozi, jina lake Shekue. Huyu ndiye mtu pekee pale mjini aliyewapenda mende wa Kibwana. Kila alipopata nafasi alivuka kuja kuwatazama, akamshangilia Jemadari kama yuko mpirani. Siku ile alimwona Mwanatumu ametoka na kuku, ametoka na unga, na kabati halipo. Alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa. Alimwacha hivyo hivyo. Akavuka mbio, akampita mtu wa dawa mlangoni na bomba lake mgongoni, akalikumbatia kabati, akatoka nalo. Nyuma yake dawa ikajaa chumbani. Angechelewa kidogo tu, leo nisingekuwa na hadithi.

Akaliweka kabati dukani kwake. Na kwa kuwa aliwapenda wale wadudu, akataka wakae pazuri. Akaliona kabati lina vumbi, na juu ukingoni lina utando wa mafuta mafuta. Akasikitika. "Shemeji kaacha uchafu namna hii?" Akachukua kitambaa chake cha kinyozi na spiriti yake, akasugua mpaka kioo kikang'aa. Nia njema ni tabibu, wanasema. Asubuhi alipofungua duka, kabati lilikuwa linang'aa na halina mtu.

Jirani wa ukuta mmoja na Shekue alikuwa Hidaya, mama lishe. Asubuhi ile mabenchi yake yamejaa, chai inamiminwa, chapati zinageuzwa, na katikati ya meza, baina ya sukari na sahani za watu, akatokea Jemadari akitembea kwa madaha, pembe mbele. Wateja wakaruka. Hidaya akavua kandambili. Pigo moja tu, na Jemadari hakuwepo tena duniani.

"Mwingine huyo, karibu na kuni!" mteja akapiga kelele.

Hidaya akageuka na kandambili juu. Alikuwa Bi Kirembwe. Hakukimbia, wenyewe hawakimbii. Akasonya. Na nyuma yake, mkiani, Hidaya akaona vitu vyeupe vinatoka, kimoja baada ya kingine, vidogo mfano wa punje za mchele, vina miguu. Alikuwa anazaa.

"Piga, mama! Unangoja nini?"

Hidaya alishasukuma watoto wake mwenyewe duniani, mmoja wao kwenye mkeka, peke yake, mvua ikinyesha. Mkono ukashuka.

"Mwenye uchungu hapigwi," akasema. Akachukua bakuli akamfunika.

Wateja wakatazamana. Kisha mmoja akaacha chai yake, wa pili akaacha chapati imeumwa upande, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua kwamba kwa Hidaya mende wanafunikwa bakuli wasipate baridi. Tangu siku ile mabenchi yake yalikaa na nzi. Watoto wakipita njiani wakaimba chai ya mende. Hilo lilimuuma, na hakulificha. Lakini Bi Kirembwe na wanawe hakuwatupa. Aliwahamishia kwenye sufuria refu, akalifunika kwa chandarua, wakakaa jikoni kwake.

Na kila asubuhi mtu alibisha hodi. Mwanatumu, kanga puani, maganda ya karoti mkononi. "Niliagizwa niwalishe," alisema, akatia, akaondoka.

Kibwana akarudi. Jicho moja halikupona, la pili liliona mwanga na kivuli tu. Rehema akamwingiza ndani kwa mkono, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa: "Mbona siwasikii?"

Wakamwambia. Kila mtu alimwambia lake, hakuna aliyeficha, na hilo niwasifu. Aliposikia habari za Jemadari alilia. Ndiyo, mtu mzima alimlilia mende, kwa sauti, na hakuna aliyecheka, hata mkewe. Kisha wakamrudisha Bi Kirembwe na wanawe katika kabati, Mwanatumu akaagizwa kupaka mafuta ya mgando, wakamwekea Kibwana kabati mapajani. Akatia mkono. Bi Kirembwe akapanda kiganjani, watoto nyuma yake wakimtekenya.

Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema:

"Mimi siwezi tena. Mtoto mmoja nikimkanyaga sitajua nimemkanyaga. Hawa ndio wote waliobaki, hakuna wengine. Na siwagawi. Ukiwatoa chini ya mama yao wangali wadogo hivi, wanakufa. Watakwenda kwa mtu mmoja, na wawe wake kabisa, si wangu tena. Nani anawataka?"

Alidhani Shekue atajibu peke yake. Wakajibu watatu.

Shekue akasema: "Kaka, nani mwingine? Mimi ndiye niliyewapenda ulipokuwa unaona, na ndiye niliyewatoa kwenye dawa. Mteja wangu yule hajarudi mpaka leo. Nilifuta mafuta, kweli, nimekosa. Lakini niliwafutia kwa mapenzi, na sasa ninajua. Aliyekosa kwa kutojua akishajua hakosi tena."

Hidaya akasema: "Kaka Kibwana, hapa kwetu ukimpa mtu mbuzi akufugie, na mbuzi akazaa nyumbani kwake, huwezi kumwambia hana chake. Watoto hawa wamezaliwa jikoni kwangu. Nimemuua baba yao, sikatai, lakini nani asingeua? Na baada ya hapo nani angeacha? Niliacha, mbele za watu, na watu wakaondoka. Nimepoteza jina langu kwa ajili yao. Na mimi nisiambulie hata wao?"

Kibwana akageuza uso upande wa mkewe, maana alimsikia akipumua.

"Na wewe, Mama Rehema? Wewe uliwaacha ndani na dawa inakuja."

"Niliwaacha," akasema Mwanatumu. "Sitakudanganya. Uliniagiza kulisha, hukuniagiza dawa, nikajiambia hivyo nikakaa kimya. Lakini agizo lako sikulivunja hata asubuhi moja, hata walipokuwa nyumba ya watu. Shekue aliwapenda akawapoteza. Mimi siwapendi na hawajalala njaa. Na jambo lingine. Umekuwa unakwenda kwao miaka yote, Baba Rehema. Sasa huoni. Wakienda nyumba nyingine utawafuata, utashikwa mkono na watu njiani. Mimi nawataka hapa kwa sababu nakutaka wewe hapa."

Shekue akasema: "Shemeji, mtu hafugi asichokipenda."

Hidaya akasema: "Wala hapendi asichokijua."

Mwanatumu akasema: "Wala halishwi mtu kwa mapenzi, analishwa kwa karoti."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, sauti zikapanda, majirani wakajaa dirishani. Bi Kirembwe akasikia makelele, akasonya katika kiganja cha Kibwana, fsssss, nao wote wakanyamaza.

Wahenga wametuambia tenda wema uende zako, lakini hapa hakuna anayekwenda zake. Wamesimama watatu mbele yake. Mmoja alilisha bila kupenda, na siku ya hatari akanyamaza. Mmoja alipenda bila kujua, akaokoa kwa mkono huu na kupoteza kwa mkono ule. Mmoja aliua, kisha akashusha kandambili, na riziki yake ikaondoka. Kibwana amemrudisha Bi Kirembwe ndani, amelinyanyua kabati kwa mikono miwili, anataka kulitoa, na mbele yake anaona vivuli vitatu visivyo na nyuso.

Enyi mliokaa, mmekula, mmenisikiliza: mshikeni mkono mtu huyu, mwelekezeni. Kabati mtalipeleka kwa nani?